Gauni la Diana na kikombe cha mjomba

Juzi napitia simu tu nikakutana na picha ya lile gauni la Princess Diana, velveti ya bluu iliyokolea mpaka inakaribia nyeusi, mabega wazi, alilivaa Ikulu ya Marekani Novemba 1985 akacheza dansi na mwigizaji wa filamu John Travolta na ndo maana watu wanaliita gauni la Travolta. Zuri jamani! Ila mimi nikiliona nawaza hela yake ilikoenda.

Maana hakuliacha lining'inie kabatini. Mwanae William ndo alimpa wazo la kuuza nguo zake, basi tarehe 25 Juni 1997 magauni 79 yakapigwa mnada Christie's kule New York, zikapatikana zaidi ya dola milioni 3 za kusaidia wagonjwa wa Ukimwi na saratani, hili la Travolta peke yake lilienda kwa dola 222,500. Miezi miwili tu baadae akafariki Paris. Siku hizi gauni liko London, taasisi inayotunza majumba ya kifalme ililinunua 2019.

Na vazi lake ninalolipenda zaidi wala si gauni, ni ile fulana nzito ya kujikinga aliyovaa Angola Januari 1997 akapita kwenye njia ya mabomu ya ardhini pale Huambo.

Lakini Ukimwi ndo unanigusa mwenyewe. Miaka ya tisini mjomba wangu aliumwa, alikuwa na kikombe chake cha bati, cheupe chenye mstari wa bluu mdomoni, kinaoshwa peke yake kinaanikwa dirishani, sisi watoto marufuku kukigusa na hakuna aliyetuambia kwa nini. Wageni wakija wanasimama mlangoni, wanatoa pole, wanaondoka. Sasa Diana Aprili 1987 alishafungua wodi ya Ukimwi hospitali ya Middlesex, London, akampa mgonjwa mkono bila glovu mbele ya kamera, wakati watu wanaamini ukigusa tu umekwisha, na mgonjwa mwenyewe aliomba sura yake isionekane maana aibu ilikuwa kubwa kiasi hicho. Ile picha naiangalia sana, mkono tu.

Kwetu aliyemshika mjomba hivyo alikuwa bibi peke yake, kila jioni, anakaa pale kitandani mpaka alale.