Pembe Sita na Ndege ya Lamu

Abiria aliyebishana na mzee wetu wa mizani juu ya uzito wa begi alijibiwa vile vile kila siku: "Mwaka 1415 Malindi ilimpeleka twiga mpaka China, na hakuna aliyelia. Wewe wanililia kilo tatu?" Alicheka mwenyewe kwanza, abiria akafuata, na mara nyingi zile kilo tatu zikapita bure. Twiga hakuwa wa mzaha, lakini. Wajumbe wa Malindi walimfikisha kweli kwa mfalme wa Wachina, na mzee wetu hakupenda mtu adhani ni ngano.

Kazini sote tulimwita Ami, hata meneja aliyekuwa bosi wake. Mimi niliajiriwa kwenye kaunta ya shirika letu dogo, uwanja wa ndege wa Malindi, wakati tiketi bado ni vijitabu vya karatasi vyenye kaboni nyekundu inayoganda vidoleni mpaka jioni. Chini ya kaunta Ami aliweka redio ya kaseti. Asubuhi ni Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu, na udi wake wa nyuzi, kwa sauti ya chini. Mchana, usingizi ukianza kutunyemelea, ni mpiga gita Fundi Konde. Na kila akimweka Fundi Konde sharti tukumbushwe kwamba huyu ni mtoto wa huku huku kwetu, kwamba KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, lilimpeleka Asia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kwamba alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo Afrika Mashariki kushika gita la umeme. Ijumaa tulikuwa na mchezo wake: mzigo ukiwekwa mizanini, anaufunika mshale kwa kiganja, kila mmoja anabashiri kilo. Aliyekosea zaidi hununua mahamri na mbaazi za wote. Yeye hakununua hata siku moja, na mpaka leo nashuku kile kiganja kilikuwa na mwanya.

Kuna siku alichosha, tusidanganyane. Unataka kufunga hesabu ya tiketi, yeye anakueleza kwa nini Malindi na Mombasa hazikupatana. Lakini siku ninayotaka kuihadithia, uzungumzaji wake ule ule ndio uliotuvusha.

Ulikuwa mwezi wa nne. Ndege yetu kila siku hutoka Nairobi, ikashusha Malindi, ikaendelea Lamu. Saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa: Waitaliano wachache wenye kofia za ukili, bwana mmoja mwenye tai na mkoba wa ngozi anayewahi mkutano, na kundi la kina mama wa Kilamu wenye buibui na marashi, wakaao Malindi, wanaokwenda kwao arusini. Aliyewaongoza alikuwa bibi mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha. Barabara hawakuitaka. Miaka ile mabasi ya Lamu yalikwenda kwa msafara, askari wenye bunduki ndani, kwa hofu ya majambazi. Na mvua zikishika, Mto Tana ulikuwa na tabia ya kuikata njia upande wa Garsen. Wakachanga, wakakata tiketi za ndege.

Kwanza likaja la pembe. Hatukuwa na mashine ya kukagulia, mizigo ilifunguliwa kwa mikono juu ya meza. Askari wa usalama, kijana wa bara ambaye hata mwezi hakuwa ameumaliza pwani, alifungua kikapu cha bibi, akatoa leso, chupa ya haludi, leso nyingine, kisha pembe. Akatoa ya pili, ya tatu, mpaka zikafika sita, nyeusi, zimeng'aa kwa kushikwa, kila moja na kijiti chake.

"Mama, hizi ni za mnyama gani?"

"Ng'ombe."

"Mbona kama za nyati? Za mnyama wa mwituni hazisafiri bila kibali."

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "ng'ombe huyu alichinjwa kabla mamako hajazaliwa. Wataka nikamwite aje ajitambulishe?"

Watu wakacheka, kijana akazidi kukaza uso, na ukweli ni kwamba alikuwa na haki: sheria ilikuwa upande wake na mimi nisingeweza kuapa zile ni pembe za nini. Meneja hakuwepo, alikuwa benki mjini. Ami akaja pole pole kutoka mizanini, akampigia simu afisa wa wanyamapori aje kuziangalia, akamwambia bibi, "Mamangu, zitakaa hapa mezani mpaka bwana afike. Hazipotei." Bibi akamtazama tu.

Dakika chache baadaye Nairobi wakapiga. Mvua, mawingu yamekaa chini, ndege haijaruka, na hakuna ajuaye itaruka lini. Tangazo nililisoma mimi, kwa maneno yale ya karatasini, tunasikitika, tunaomba radhi, na niliona jinsi yalivyoanguka. Bwana wa tai alitaka kujua nani mkubwa hapa. Mtaliano mmoja alianza kunionyesha saa yake ya mkononi kana kwamba mimi ndiye niliyeivunja. Kina mama hawakupiga kelele, lakini walihesabu, na hesabu yao ilinitia hofu kuliko ya wengine. Uwanja wa Lamu uko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji, na wakati ule ndege haikuteremka pale giza likiingia. Wakichelewa sana, basi ni mpaka kesho. Na vugo ilikuwa usiku ule ule.

Kwa asiyejua, vugo ni ngoma ya arusi ya wanawake. Hupigwa kwa hizo pembe: pembe mkono huu, kijiti mkono huu, mmoja anatoa wimbo na waliobaki wanapokea. Arusi ya kwao bila vugo ni kama pilau bila nyama, na pembe zenyewe ziko mezani kwa askari.

Adhuhuri ilipopita bila habari, Ami akamwendea yule kijana. Nilisikia kila neno, nilikuwa karibu.

"Kaka, hizi pembe umezizuia zisitoke hapa, sivyo?"

"Ndiyo, Ami."

"Zikipigwa hapa hapa, mbele ya macho yako, zimetoka?"

Kijana akafikiri. Akasema hazijatoka.

Bibi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Kina mama wakajipanga safu mbili zinazotazamana kati ya meza ya ukaguzi na kaunta yangu, na ile ko-ko-ko kavu ya kijiti juu ya pembe ikapanda mpaka kwenye mabati. Hawakucheza kwa nguvu. Waliyumba tu, bega kwa bega, buibui zikifuata, na bibi akitoa wimbo kwa sauti ambayo sikuidhania katika kifua kile chembamba. Waitaliano walisimama. Bwana wa tai aligeuza uso dirishani, lakini kiatu chake kilikuwa kimeshaanza kufuata.

Walipopumzika, Ami akapanda juu ya mizani. Nasema kupanda, maana ile mizani yetu ya mizigo ilikuwa na jukwaa la chuma, na yeye alilifanya mimbari. Mshale ukasimama kwenye 71.

"Jamani," akasema, "mwezi huu huu wa nne, mwaka 1498, walifika hapa Malindi wageni waliokosa usafiri kama ninyi."

Akaeleza habari ya Vasco da Gama, na hakuieleza kama inavyoelezwa kwa watalii penye mnara wake wa msalaba. Alianza na Mombasa, pale Wareno walipowakamata watu wawili na kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini ili waseme. Ndipo wakaja kwetu, wanamtafuta wa kuwaongoza mpaka Bara Hindi. Gama hakuthubutu kushuka. Mfalme wa Malindi ndiye aliyewafuata baharini, akiwa na joho la damaski lenye utepe wa atlasi ya kijani, amekaa juu ya viti vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa mviringo wa hariri nyekundu. Kila Ami aliponyoosha mkono kuonyesha mwavuli, mshale ukaruka kilo mbili tatu kisha ukarudi. Mimi niliutazama mshale kuliko nilivyomtazama yeye.

"Na nyuma yake kulikuwa na siwa mbili za pembe ya ndovu, zimechongwa, urefu wa mtu mzima, zinapulizwa kwenye tundu la ubavuni. Mreno mwenyewe kaandika, na kaandika kwamba zilikuwa tamu."

"Ubavuni?" akasema bwana wa tai. Ndilo neno lake la kwanza lisilo la malalamiko tangu asubuhi. "Mzee, tarumbeta hupulizwa mwisho wake. Huo ubavu unautoa wapi?"

Ami akafungua kinywa, na nadhani angetaja ukurasa, lakini bibi alimtangulia. Akasimama, akachukua pembe moja mezani bila ruhusa ya mtu, akaielekeza juu, akaweka midomo pembeni, karibu na ncha. "Hivi," akasema. "Ya Pate ni ya pembe, ya Lamu ni ya shaba, zote tundu ni la ubavuni. Nimeiona kwa mato yangu nali mtoto, arusini. Wewe umeiona wapi?"

Bwana akasema hajaiona popote.

"Basi ukishuka Lamu nenda makumbusho. Ya Pate iko mle, yakupita kwa kimo."

Ni kweli iko, na inampita mtu yeyote, maana imezidi mita mbili. Nilikuja kuiona baadaye. Ila kilichonishika siku ile ni uso wa Ami. Alikuwa amesoma habari ya ile siwa vitabuni, maneno ya baharia wa kigeni wa karne ya 15, na sasa bibi mwenye tiketi ya Lamu amemthibitishia kwa midomo yake. Akashuka mizanini. Akamwuliza maswali mpaka nikamwonea bibi huruma: ilipulizwa na nani, mlio wake mzito au mwembamba, ilikuwa halali ya kila arusi au ya wenye mji tu? Bibi alijibu mengine, mengine akamwambia, "Hayo hayakuhusu."

Tukatoa machungwa. Yalikuwa ya Ami mwenyewe, kapu zima alilolinunulia nyumbani kwake sokoni asubuhi, na aliyagawa akisema kwamba Januari 1499, Gama aliporudi kutoka India na mabaharia wake wanakufa kwa kiseyeye, kitu walichotuma watu pwani wakakitafute Malindi ni machungwa. "Wakala, na bado wakarudi baadaye na mizinga," akaongeza, akimmenyea Mtaliano. "Kwa hiyo ninyi nawapa, lakini nawatazama."

Afisa wa wanyamapori alifika kwa pikipiki, akazigeuza pembe mbili tatu, akachungulia tundu la chini, akasema ng'ombe. Bibi hakusema kitu. Alimpa yule kijana askari chungwa lililobaki, na kijana alilipokea kwa mikono miwili.

Wakati huo meneja alirudi. Aliingia akakuta safu mbili za vugo zimepangwa tena, safari hii kuna Mtaliano mwanamke mwisho wa safu anakosea kila pigo, abiria wa shirika jingine wamejazana mlangoni, na mfanyakazi wake wa miaka mingi ameshika pembe. Sikuweza kusoma uso wake. Alinijia, akaniuliza Nairobi wamesemaje, nikamwambia ndege imeruka. Akaingia ofisini, akafunga mlango.

Ndege ilitua saa tisa na kitu, ile ya mapanga mawili, imelowa bado. Tukapakia haraka kuliko siku zote. Ami aliita kilo za mabegi kwa lahani ya taarabu nami nikaziandika, na hakuna aliyebishana. Kabla ya magharibi wenzetu wa Manda wakatupigia kwamba wote wameshuka na wamo botini kuelekea mji.

Kesho yake Ami akakuta barua juu ya kaunta. Ajieleze kwa maandishi kuhusu kelele katika eneo la abiria na matumizi ya mizani ya kampuni kinyume na kazi yake. Alijibu kwa kalamu ya wino, kurasa mbili, nami ndiye niliyemsomea kabla hajaipeleka. Kuhusu mizani aliomba radhi kwa mstari mmoja. Kuhusu kelele alieleza kwamba Malindi ni mji wa bandari, kwamba mwaka 1498 wageni waliokwama hapa walikaa siku tisa, na siku zote tisa walifanyiwa sherehe na kupigiwa muziki, na kwamba katika maandishi yote aliyoyasoma hakukuta mahali ambapo mpiga siwa alitakiwa kujieleza.

Nilimsihi aifute hiyo sentensi ya mwisho. Akakataa, akaipiga muhuri wa kupokelea mizigo.

Meneja aliisoma amesimama pale pale mlangoni. Alipofika ukurasa wa pili alikuna kidevu, akaikunja, akaitia mfukoni, wala faili sikuliona likitolewa.

"Hao wa pembe," akauliza, "wanarudi lini?"

"Jumatatu, ndege ya asubuhi," Ami akamjibu.

"Mwambie askari asizifungue. Na hiyo mizani irudishwe kwenye sifuri, imeanza kusoma kilo mbili zaidi."