Bibi Yule wa Getini

Jana binti wa jirani alinijia kibarazani, kampakata mwanawe ana homa. "Eti shangazi, kweli mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa?" Nikamwambia inuka twende kituo cha afya, mengine tutaongea njiani. Ila njia nzima nilikuwa namwona yule bibi wa kule Tanga, miaka ile nafanya zamu za usiku wodi ya watoto.

Mjukuu wake aliletwa saa 4 asubuhi, meno kayakaza, macho yamegeuka juu. Malaria kali, na sukari imeshuka. Akapewa dawa ya kutuliza degedege, glukosi ya mshipani, na sindano ya kwanza ya artesunate, dawa ya malaria kali. Ya pili saa 4 usiku. Ya tatu ilikuwa iwe saa 4 asubuhi inayofuata.

Alfajiri nikakuta kitanda kitupu.

Nilimkuta anakaribia geti. Mtoto yuko mgongoni, kanga imefungwa kwa haraka. Kamkono kamoja kananing'inia nje, kanula, kile kibomba cha kupitishia dawa mshipani, bado imo, na kile kipande cha boksi tulichomfungia asikunje kiwiko kimelegea. Damu imerudi kwenye kanula, tone limeshaingia kwenye kanga. Nje baba mkubwa wa mtoto anangoja juu ya bodaboda, hajazima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usinizuie, mwanangu."

Sikumshika yeye. Nilishika mkono wa mtoto, kanula isichomoke, nikawa natembea naye hatua kwa hatua.

"Nimeshazika mmoja," akasema. "Alichomwa sindano, usiku haukuisha."

Jibu nilikuwa nalo: watoto wengi wa namna ile hufikishwa malaria imeshapanda kichwani, sindano inawakuta wamechelewa. Lakini ningelisema pale, ningekuwa namwambia yule wa kwanza alimchelewesha yeye. Bibi wa watu, kabeba wa pili mgongoni. Ulimi ukawa mzito.

"Pole sana, bibi," nikasema. "Huyu imembakia moja tu kabla ya vidonge, saa 4. Kama ni dua, mwalimu wa madrasa aje amsomee hapa hapa kitandani. Nitamwekea kiti mwenyewe."

Hakunijibu. Akasimama tu, anapumua kwa nguvu, huku anamtikisa mtoto taratibu kama wanavyobembelezwa.

Aliyejibu ni baba mkubwa. Alizima pikipiki. "Mama, saa 4 si mbali."

Wakarudi. Sindano ya tatu ikaingia, mwalimu akasoma, kisha mtoto akaanza vidonge vya mseto, anavimeza kwa maziwa, bibi ndiye aliyeshika kikombe. Walitoka kwa ruhusa ya daktari.

Siku za mbele nilimwambia mama mwingine maneno yale yale, kwa upole ule ule. Akatia saini ya kujitoa kwa hiari, akaondoka na mtoto ambaye dozi ilikuwa bado. Kila alipokuja mgonjwa kutoka kijiji kile nilikuwa namuulizia. Hakuna aliyeweza kuniambia kitu.