Mmatumbi Kwenye Kaburi la Mashujaa, Songea

Basi liliondoka Mbezi kungali giza. Dar es Salaam hadi Songea ni safari ya siku nzima, na ukishamaliza kupanda Kitonga bado njia ni ndefu. Makambako tukakata kushoto. Njombe baridi ya Julai ikaingia hadi ndani ya basi, masweta na vitenge vikatoka mikobani. Kwenye kona za Lukumburu mama niliyekaa naye, ambaye alikuwa amezungumza tangu Iringa, alinyamaza akashika rozari yake mpaka tulipofika tambarare. Songea tuliingia usiku. Nikala ugali kwa dagaa wa Nyasa, nikalala.

Mimi ni Mmatumbi, kwetu ni Kipatimu, Kilwa. Vita vya Majimaji vilianzia kwetu Julai 1905, watu walipong'oa pamba ya Mjerumani pale Nandete. Dawa ya maji ya Kinjikitile, mganga wa Ngarambe, iliyoaminiwa kwamba itageuza risasi kuwa maji, ilibebwa na wajumbe walioitwa hongo, ikavuka mito na misitu mpaka Ungoni, nchi ya Wangoni huku Songea. Bibi yangu alivisimulia vita hivyo kana kwamba viliishia upande wetu. Nami nimekua nikiwaza habari za hao wengine waliopokea maji kutoka kwetu.

Makumbusho ya Majimaji yako eneo la Mahenge, hapo hapo mjini. Mlangoni alinipokea mwongozaji, dada wa makamo. Baada ya salamu akaniuliza, "Umetokea wapi, kaka?" Nikamjibu. Akatulia kidogo, akasema, "Basi wewe nitakuanzia mwisho. Mwanzo unaujua."

Nilidhani ni maneno ya ukarimu tu. Lakini asubuhi ile nilimwona akiwauliza swali hilo hilo wote waliofika, na kila jibu lilimpeleka pa kuanzia tofauti. Walikuja wanafunzi wa shule ya msingi, wamebanana na sare zao za buluu. Hao aliwaanzia na jina la mji wao: nani anajua Songea alikuwa nani? Mikono ikainuka. Akawaeleza kwamba alikuwa mtu, Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita, kabla jina lake halijawa la stendi na la soko. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe mtu!" na wenzake hawakumcheka.

Kisha akaja mzee wa Kingoni na fimbo yake, akiwa na mjukuu. Huyo hakumwanzia popote. Alimletea kiti, akamwamkia, akamwomba aseme yeye.

Wajerumani wawili, mume na mke, waliingia wakiwa kimya mno. Walipotaja kwao, niliona mabega yao yameshuka kama watu wanaosubiri kukaripiwa. Mwongozaji aliwakaribisha kwa sauti ile ile, akawapeleka moja kwa moja nje, kwenye kaburi la pamoja la mashujaa 67 walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Hakuwapunguzia kitu: mashamba yaliyochomwa, maghala yaliyoteketezwa, njaa iliyoua wengi kuliko bunduki, na makadirio ya waliokufa yanayofika watu 300,000. Akawaonyesha kaburi la Songea Mbano, aliyezikwa peke yake. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Akawaeleza kwamba Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapa tarehe 1 Novemba 2023, akaomba msamaha, akaahidi kwamba watajaribu kulitafuta fuvu hilo. Halafu akanyamaza, akawaachia nafasi. Yule mama alilia. Hakuna aliyemharakisha wala kumfariji kwa maneno mepesi, na naona ile ndiyo heshima kubwa aliyoweza kupewa mahali pale.

Nilimuuliza mwongozaji kama hachoki kusimulia kifo kila siku, kwa watu wasiofanana. Akasema, "Mgeni hatumuulizi babu yake alifanya nini. Namuuliza ametoka wapi, nijue nimshike mkono kuanzia wapi."

Nami nilikuwa na langu moyoni. Tangu nilipofika nilihofia mtu aniambie kwamba maji yetu ndiyo yaliyowaua. Yule mzee alikuwa amesikia kwetu ni wapi, akaniita. Nikampa mkono na shikamoo, akaitikia, akauzuia mkono wangu.

"Kwa hiyo ninyi ndio mliotuletea maji."

Sikuwa na jibu. Nikasema tu, "Ndiyo, babu."

Akainuka bila kuuachia mkono wangu, tukaenda kwenye majina ya wale mashujaa yaliyoandikwa. Akaanza kuyasoma taratibu, ukoo kwa ukoo, mjukuu wake akimrekebisha pale macho yalipokosea. Kwa baadhi alitikisa kichwa, kwa mengine alitaja kijiji. Akafika kwenye jina la Mkomanile, mwanamke pekee kati yao, akaweka kidole hapo.

"Huyu alikuwa wa kule Kitanda," akaniambia. "Mjumbe wenu, Omari Kinjala, alipofika, huyu ndiye aliyempokea."

Tukasimama pale mpaka wale wanafunzi walipotupita wakirudi kwenye gari lao.