Sisi Sote Tupo Hapa

Somo la wiki: Matendo ya Mitume 16:25–34

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Habari ya Paulo na Sila gerezani Filipi tumeihubiri sana, na karibu kila mara tunaishia kwenye milango. Tetemeko likaja, milango ikafunguka, vifungo vikalegea, na mhubiri anauliza nani ana kifungo chake leo apite mbele. Sina ubaya na mahubiri hayo. Ila tangu nilipopitia tetemeko mwenyewe, mstari unaonishika ni wa 28, ambao wengi tunaupita mbio tukiuwahi ubatizo wa mlinzi wa gereza. Paulo, mwenye majeraha mabichi ya bakora, anapaza sauti gizani: "Usijidhuru, kwa maana sisi sote tupo hapa."

Mlinzi yule hakuwa amechomoa upanga ajiue kwa kuogopa ardhi. Ardhi ilikwisha tulia. Aliogopa hesabu. Ukirudi sura ya 12 utaona Herode alivyowafanya askari waliompoteza Petro: aliamuru wauawe. Mfungwa akikosekana, mlinzi ndiye anayelipa. Basi habari njema ya kwanza aliyoipata usiku ule, kabla hata hajauliza afanye nini apate kuokoka, ilikuwa kwamba watu wametimia. Na aliyempa habari hiyo ni mtu ambaye yeye mwenyewe, saa chache kabla, alimfunga miguu kwa mkatale.

Mimi nilikuwa Bukoba, mkoani Kagera, Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Ilikuwa yapata saa tisa na nusu alasiri. Sauti ilitangulia, mngurumo wa chini kama lori zito linapanda kilima, halafu mabati yakaanza kupigapiga na vyombo vikaanguka kabatini. Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka tu niko uani, vumbi linapanda kutoka upande wa Hamugembe, na watu wanapiga mayowe.

Jirani yetu, mama wa makamo, alitoka na khanga moja, bila viatu, akasimama katikati ya kibanja, shamba la migomba la nyumbani, akiita majina ya watoto wake. Wote. Hata wa Mwanza aliyekuwa kazini kwake huko, naye alimwita. Hakuna aliyemcheka. Jirani mwingine, Mwislamu, ambaye nyumbani kwake walikuwa kwenye maandalizi ya Idd ya Jumatatu, alipita nyumba hadi nyumba na swali moja tu: "Mpo wote?" Hakuuliza kuta zimepasuka wapi. Alikuwa akisikia "tupo", anasema alhamdulillahi, anaenda nyumba inayofuata. Simu wakati huo zilikuwa hazishiki, mtandao umezidiwa, na ndugu wa Dar na Kampala walikuwa wanahangaika kuuliza swali lilelile.

Usiku tulilala nje, chini ya migomba, kwenye mikeka na turubai. Ardhi ilipotikisika tena, ndogondogo, tulihesabiana upya. Ilifika mahali watoto wanaitika kabla hawajaitwa.

Kwa hesabu iliyotangazwa na serikali, watu 17 hawakuitika. Mamia walijeruhiwa na nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka. Shule za Ihungo na Nyakato zilibomoka kiasi cha kufungwa. Jumapili miili iliagwa uwanja wa Kaitaba, Wakristo na Waislamu pamoja, na siku hiyo sikusikia mtu anauliza marehemu alikuwa dhehebu gani.

Maelezo yalikuja baadaye, na yalikuja mengi. Kagera ina mkosi, watu wakasema, wakaanza kuorodhesha: vita vya Amin, UKIMWI, meli ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996, sasa hili. Wengine wakasema Mungu anawashusha Wahaya, wenyeji wa Kagera, kwa majivuno yao. Hata utani wa nshomile, yaani Mhaya anayejidai msomi, ukaingizwa msibani. Walikuwapo na waombaji waliojua kabisa ni dhambi ipi iliyolileta. Nawaheshimu waombaji, lakini hilo sikulipokea wakati ule na silipokei leo. Bwana mwenyewe aliletewa habari za namna hiyo, akawataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Je, walikuwa wakosaji kuliko wengine Yerusalemu? "Nawaambia, Sivyo." Kisha akawageuzia waliomletea habari neno la toba, yaani wao walio hai, si marehemu.

Na toba kwetu Kagera ingeweza kuanza na matofali. Wataalamu walitueleza kuwa nchi yetu iko jirani na Bonde la Ufa, kwamba tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9 na lilianzia chini sana, upande wa Missenyi. Ukubwa huo kwingine duniani huangusha vyombo na kupasua lipu. Kwetu ulizikuta kuta za tofali zilizoungwa kwa udongo, bila linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, zikiwa zimepandishwa kwenye miteremko. Ninajua mafundi wanaosali vizuri sana na bado wanapunja saruji. Mnara wa Siloamu nao ulijengwa na fundi.

Turudi Filipi. Angalia mlinzi anavyofanya baada ya kusikia kwamba watu wote wapo. Anaomba taa, anaingia, anatetemeka. Anauliza habari ya wokovu na anajibiwa kwa sentensi moja. Halafu, "saa ile ile ya usiku", anawaosha mapigo yao, anabatizwa yeye na watu wake, anawapeleka nyumbani na kuwaandalia chakula. Maji ya kuosha yanatajwa kabla ya maji ya ubatizo. Luka angeweza kuyaacha hayo, asiyaandike. Hakuna anayemwelezea mlinzi kwa nini ardhi ilitikisika, na yeye hakuuliza.

Imani niliyoiona Bukoba wiki ile ilikuwa ya namna hii. Kina mama walipika ndizi sufuria moja kwa kaya tatu. Vijana wa kwaya waliinua mabati kwa mikono kutafuta mali za watu wasiowajua. Wazee wasiokubali kuondoka karibu na nyumba zilizopasuka walipelekewa uji na mablanketi palepale walipo, baada ya mabishano marefu.

Wiki hii jumuiya zitakapokutana, ninaomba kabla ya wimbo wa kwanza tuitane majina. Nina maana kuita kweli, kutoka kwenye daftari, pamoja na waliohama, waliokasirika, na wale walioacha kuja tangu michango ilipopanda. Jina lisiloitikiwa liandikwe pembeni, na liandikwe jina la mtu atakayekwenda kubisha hodi huko kabla ya Jumapili. Akifika, asianze na swali la kwa nini hawaji. Achukue sukari au sabuni, kulingana na anavyoijua nyumba ile, akae, awasikilize.