Shaba mwilini: nilivyoishi na ugonjwa wa Wilson

Kinyozi akianza kutetemeka mkono, wateja hawamwambii kitu. Wanahama. Nilikuwa na miaka 24, nina kiti changu Majengo hapa Mombasa, na kila nikishika wembe mkono wa kulia unacheza. Mtaani wakasema nakunywa kisirisiri. Shangazi akasema jini. Miguu ikavimba, ulimi ukawa mzito, mate yananidondoka kama mtoto. Hospitali ya kwanza waliniambia ini limeharibiwa na pombe. Mimi, ambaye sijawahi hata kuionja!

Aliyegundua ni daktari wa macho, nilikokwenda kwa ajili ya kipande cha nywele kilichonikwama jichoni. Nikaweka kidevu kwenye ile mashine yao, akamulika, akanyamaza, kisha akamwita mwenzake naye achungulie. Ukingoni mwa kioo cha jicho palikuwa na pete ya kahawia inayoelekea kijani. Shaba hiyo. Ini langu lilishindwa kuitoa kupitia nyongo kama ini la mtu mwingine, ikajaa humo, ikafurika hadi kwenye ubongo na macho.

Kuthibitisha, nilikusanya mkojo wa saa 24. Ule wa kwanza wa asubuhi unamwaga, halafu kila tone linaingia kidumuni mpaka kesho saa ile ile. Nilikitia kwenye kikapu cha mama cha sokoni, nikakifunika leso, nikapanda matatu. Kondakta akaniuliza kama ni maziwa, nauza? Shaba ikizidi maikrogramu 100 kwa siku, daktari anashuku. Yangu ilipita 300.

Nikapewa penisilamini, ya kuivuta shaba itoke na mkojo, pamoja na vitamini B6. Wiki za mwanzo mkono ulizidi kutetemeka. Ningekuwa sikuonywa mapema ningezitupa. Shida kubwa ni saa: kidonge kinataka tumbo tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Kinyozi anakula pale kiti kinapokuwa tupu. Nikaweka kengele kwenye simu, na ikilia wateja wenyewe wananikumbusha. Maini ya asubuhi na chapati nimeacha, korosho na kaa pia. Kahawa tungu siachi, ila siyo ya kwenye dele la shaba. Ramadhani daktari alinikataza kufunga, natoa fidya.

Mwaka wa pili nikajiona nimepona, nikaacha dawa kama miezi miwili. Kosa hilo sitaki hata kulisimulia lote. Macho yaligeuka manjano, nikalazwa, na daktari akaniambia wazi kwamba wengine hawarudi.

Baba na mama ni watoto wa ndugu wawili, na kila mmoja alibeba kasoro ya kurithi inayoleta ugonjwa huu, bila kuumwa. Kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Basi sote sita tulipimwa. Mdogo wangu wa kike akakutwa nao, haumwi popote, akaanzishwa zinki. Kila siku ananinung'unikia kwa nini anywe dawa naye mzima. Namnyooshea mkono wa kulia, autazame. Haujatulia kabisa mpaka leo. Wembe nimemwachia kijana wangu wa kazi, mimi nabaki na mashine.