Kopo Kwenye Beseni

Jumanne ya Mei 21, 1996, tulikuwa tunajiandaa kwenda shule habari ilipofika mtaani kwetu Mwanza: Bukoba imepinduka. Hakuna aliyesema "MV", lakini wote tulijua ni meli ya abiria ya Ziwa Victoria, MV Bukoba, si mji. Iling'oa nanga mjini Bukoba jioni ya jana yake, ikapitia Kemondo kuongeza watu na mizigo, na ilikuwa imekaribia kabisa kufika. Wenye wageni walikwisha kushuka bandarini kuwapokea.

Haikuzama papo hapo. Ilielea tumbo juu kwa saa kadhaa, na waliorudi kutoka huko walisema watu waligonga chuma kutoka ndani. Ndipo ikatobolewa ili watolewe. Hewa ikatoka, meli ikaenda chini.

Sisi watoto hatukuelewa. Tundu si ndiyo njia ya kutokea? Mjomba, fundi wa kuchomelea, hakutujibu kwa maneno. Alichukua kopo tupu la maziwa ya unga, akalifudikiza kwenye beseni la maji na kulishika kwa vidole viwili lisilale ubavu. Likaelea. Akalitoa, akapiga msumari wa inchi mbili kwenye kitako, akalirudisha vilevile. Ukiweka kiganja juu ya tundu ulisikia upepo mwembamba, na kopo likawa linashuka polepole mpaka likagusa beseni.

"Anayepumua mle ndani," alisema, "anapumua hewa hiyohiyo iliyoibeba meli."

Kwa hiyo chuma hakitobolewi kabla meli haijashikwa. Ama ifungwe kwa minyororo kwenye vyombo vikubwa vya kuibeba, ama kompresa iingize hewa kwa kasi isiyopungua ile inayotoka, na wazamiaji wawafuate watu kwa kupitia chini ya maji. Vifaa vya namna hiyo haviletwi ziwani kwa saa mbili. Wazamiaji wa Afrika Kusini walipofika, kazi ilikuwa ya kutoa maiti. Mimi siwezi kumlaumu aliyeshika mtambo siku ile. Kelele zile zingemfanya yeyote atoboe.

Idadi ndiyo iliyowashinda watu. Meli iliruhusiwa kubeba abiria 430. Orodha ya majina ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, kwenye msongamano wenyewe, halikuwa na orodha. Ukienda kumuulizia ndugu yako wa daraja la tatu, hapakuwa na karatasi ya kufungua. Makadirio yanayotajwa sana yanavuka vifo 800, na wengi hawakutolewa majini kamwe.

Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Maiti zilipelekwa uwanja wa Nyamagana ili zitambuliwe, na zisizopata mwenyewe zikazikwa Igoma. Mwili uliokaa majini huvimba na ngozi kubadilika. Baada ya siku chache sura haikusaidii tena. Watu walitazama pete, viatu, pindo la kanga, meno. Jirani yetu alimpita mumewe mara mbili. Mara ya tatu akainama kwenye goti la suruali, palipokuwa na kiraka alichokishona mwenyewe kwa uzi wa kijani, kwa sababu mweusi ulikuwa umemwishia.