Kulizunguka ziwa na Noah, watu saba daftari moja

Sisi wa dagaa likizo yetu haitolewi na bosi, inatolewa na mwezi. Mbalamwezi ikishawaka huku Ziwa Victoria taa za wavuvi hazina kazi, dagaa hawazifuati, mitumbwi inalala, na sisi tunaopokea mzigo pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, tunabaki kupiga soga na kukumbushana madeni. Ndo katika siku hizo, mwezi wa tisa, tukasema basi na sisi twende.

Wazo lilianzia Lamadi. Nilikuwa natoka Bunda kudai hela yangu, nikaona lile lori la wazungu lenye madirisha kama basi limepaki, wenyewe wamekaa chini wanamenya viazi. Dereva wao akaniambia wametoka Nairobi na wanakwenda mpaka Cape Town, wiki kadhaa humo humo ndani, wanalala kwenye mahema, hela ya chakula wanachanga kwenye mfuko mmoja na kuosha vyombo ni kwa zamu. Nikasema aisee, kumbe hata hawa wanafanya mchezo kama sisi! Nikarudi nikalipeleka kwenye grupu letu la WhatsApp, Cape Town hapana hatuiwezi, ila hili ziwa letu tumezaliwa pembeni yake na hakuna hata mmoja aliyewahi kulizunguka. Mwanza, Bukoba, Kampala, Jinja, Kisumu, Musoma, nyumbani. Nchi tatu, kama kilomita 1,500.

Tulikuwa saba. Mjomba na gari yake ya Noah, mimi, mwalimu mmoja wa Nyakato, mume na mke wa Igoma, kijana wa kupiga picha, na kaka mwenye kibanda cha kutuma pesa ambaye tukampa daftari tukamwita Mhasibu. Mchango laki sita kila kichwa.

Kabla hata hatujaondoka kadi ya njano ilitutoa jasho. Niliandika kwenye grupu "msisahau kadi ya njano", nikimaanisha ya chanjo ya homa ya manjano. Mjomba akajibu ninayo tayari. Kumbe ya kwake ni bima ya gari ya kuvukia mipaka, ile ya COMESA, nayo inaitwa hivyo hivyo kadi ya njano. Siku nne kabla ya safari ndo tunagundua dereva hajachanjwa, na cheti cha chanjo kinaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano, kwaiyo tukasogeza safari mbele wiki nzima tukawa tumekula nusu ya mbalamwezi yetu. Sikununa. Nilinuna kidogo.

Tukatoka alfajiri kwa Usagara, tukapita daraja jipya la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, dakika chache umeshavuka, na hapo kila mtu akaanza kusimulia alivyowahi kukaa foleni ya kivuko na mgonjwa, na maiti, na kuku. Baada ya hapo ziwa likapotea. Hili sikulitegemea kabisa. Nilidhani kulizunguka ziwa ni kulitazama siku nzima dirishani, wapi, barabara inakatiza ndani huko, Sengerema, Geita, Biharamulo, ni miti na mahindi na vumbi, mpaka unakaribia Kemondo ndo linachungulia, alaf Bukoba hilo hapo limekaa mbele yako kama vile lilikuwa linakusubiri. Bukoba tukalala, tukatafuna kahawa, jioni tukaenda bandarini. Mimi sikutaka kukaa sana pale. Ndiko meli ya MV Bukoba ilikoanzia safari ile ya kuja Mwanza ikazama, Mei 1996, na mama yangu tangu mwaka huo hajapanda meli wala kivuko, ndo maana hata hii safari alinipa baraka aliposikia ni ya barabara.

Kesho yake Kyaka, mto Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingiza maji ziwani. Mjomba akapunguza mwendo. Daraja la pale lililipuliwa na majeshi ya Idi Amin 1978, yeye alikuwa darasa la tano, anakumbuka malori ya jeshi yakipita Mwanza usiku. Akasimulia mpaka tukafika Mutukula hatujamaliza kumsikiliza.

Mpakani makaratasi hayakusumbua, wenye pasipoti wakagonga, wawili walikuwa na hati ya dharura ya kusafiria nazo zikagongwa, gari likaandikiwa kibali. Aliyetusumbua ni jamaa wa kubadilisha hela barabarani. Mhasibu, mtu anayeshika pesa za watu kutwa nzima, akampa laki tano, akahesabiwa noti za Uganda mbele ya macho yake mara mbili, akazipokea, akaridhika. Tuko mbele huko njia ya Masaka anahesabu tena, laki moja na nusu ya Uganda haipo. Noti zilikuwa zimekunjwa katikati, moja inahesabika mbili! Hakuongea mpaka Masaka. Mke wa Igoma akamwambia "usijali kaka, hata wewe kuna siku umemrudishia mtu pungufu", nadhani alikuwa anamfariji.

Ikweta pale Kayabwe tulipiga picha wote, kuna vijana wanamwaga maji kwenye beseni upande huu yanazunguka hivi upande ule yanazunguka vile, kijana wetu kashangaa kweli, Mjomba akasema kinachozunguka hapo ni mkono wa jamaa. Namuunga mkono Mjomba.

Ila nirudi nyuma kidogo, kabla ya Kayabwe, maana Lwera ndo sehemu niliyocheka kuliko zote. Ni bonde la mafunjo, ziwa liko karibu ila hulioni, unaliona kwa samaki walioning'inizwa barabarani. Tukasimama. Mama mmoja akamwonyesha mwalimu furushi limefunikwa majani, anamwambia kwa Kiswahili cha kuokoteza, "chukua mamba, mamba mzuri". Mwalimu akaruka nyuma akanikanyaga. Mamba! Yule mama hatuelewi, anazidi kusogea, "mamba, mamba", anafunua na majani ili tuone vizuri, mwalimu yuko nusu ndani ya gari. Kufunua ni samaki, kamongo! Kamongo wa kawaida kabisa, kwa Waganda ndo anaitwa mamba, na tena kuna ukoo mzima una jina hilo. Kuanzia hapo nikaamua ziwa nitalifuata kwa majina ya samaki. Sangara kwao ni mputa, sato ni ngege, dagaa wangu mimi anaitwa mukene.

Kampala niipite haraka, foleni, bodaboda, rolex za chapati na mayai ambazo kijana alikula nne, foleni tena. Mume wa Igoma alitaka tulale siku mbili, wengine hatukutaka, ikapigwa kura akashindwa, na alituonyesha sura hiyo mpaka Jinja.

Jinja inastahili. Mto Naili unatokea pale, na ndo njia pekee ya maji kutoka ziwani kwa mto, yanaingia mito kibao yanatoka mmoja. Mwalimu akatusomea somo: Speke, yule mvumbuzi Mwingereza, aliliona ziwa mara ya kwanza akiwa upande wetu wa Mwanza, Agosti 1858, akasema Naili inatoka humu, wenzake wakambishia, ikabidi arudi 1862 ndo akafika pale Jinja. Miaka minne! Na huyo hakuwa na Mhasibu. Jina la Victoria akaliweka yeye, wakati Waganda wanaliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, na wazee wetu Nyanza tu.

Busia tukavuka kwenda Kenya. Pale niliona wivu, Mganda na Mkenya wanapita kwa kitambulisho chao cha taifa, makubaliano yao na Rwanda ya tangu 2014, sisi tumejipanga na pasipoti mkononi. Hela za Kenya Mhasibu alichukua benki. Foleni ndefu, hakuna aliyelalamika.

Kisumu ndo nilifika kwangu. Ufukwe wa Dunga akinamama wana samaki wamekaangwa wakavu wanang'aa, ugali wa mtama na muhogo, mboga chungu, na maji pembeni yamefunikwa na gugu maji kijani kama uwanja wa mpira. Sangara ni mbuta, sato bado ngege, na dagaa sasa ni omena. Nikakaa na muuza omena mmoja saa nzima wenzangu wananitafuta. Tuliongea mchanga, maana dagaa wa kuanikwa chini anakuja na mchanga mteja analalamika, wa kichanja ni msafi ila vichanja ni gharama, mvua ikinyesha wote tunalia sawa. Shida zile zile! Nikanunua omena wake sado mbili, nikasema nawapelekea wenzangu Mwaloni waone dagaa wa Kenya alivyo.

Mjomba hakufurahi. Kuanzia Kisii mpaka Sirari madirisha yote wazi, Tarime baridi madirisha wazi, daraja la Kirumi juu ya mto Mara madirisha wazi. Musoma tukalala, omena nikaambiwa walale nje ya gari. Asubuhi karibu na Lamadi pundamilia wapo pembeni ya barabara upande wa Serengeti, kijana akapiga picha mia na kitu, Magu, Kisesa, tukawashusha watu wa Igoma kwao, mbele kidogo ya makaburi ya wale wa 1996.

Daftari lilifungwa na shilingi 27,500 za kwetu, 12,000 za Uganda na 340 za Kenya. Mjomba akazichukua zote, akasema ni za kuosha siti.

Kesho yake nikaenda Mwaloni na sado zangu. Kuna bibi pale ameanza biashara hii kabla sijazaliwa, nikamwekea kiganjani, nikamwambia bibi, omena hawa, nimewatoa Kisumu. Akachukua mmoja, akamgeuza, akamtafuna taratibu.

"Hawa mbona ni wa Musoma," akasema. "Umewanunua shilingi ngapi?"